Mgomba Hauna Kovu

Mbarouk, mwana wa ndugu yangu, umerudi Konde likizo
na habari kwamba dunia hii huenda haipo.
Kwamba yuko fundi, mahali, ana kompyuta kubwa kuliko kisiwa,
na sisi, na kuku hawa, na chai hii inayokuunguza ulimi,
ni hesabu anazopiga usiku.
Umeme ukimkatikia, unasema, hatutajua:
neno litakatikia mdomoni,
na akiwasha baada ya miaka mia
tutalimalizia.

Kunywa chai.
Kwetu Pemba hiyo si habari mpya.
Mchawi wenu amevaa miwani, basi.

Ulikuwa mdogo alipokufa Riziki binti Shaame.
Alianguka jikoni asubuhi, alasiri akazikwa.
Mimi ndiye niliyemwosha.
Hata arubaini haijatimia, Bi Kijoli akaleta neno:
kamwona Riziki Makangale, usiku,
analima shamba la mtu, hasemi, hageuki.
Mliyemzika nyinyi, akasema, ni mgomba.
Mgomba uliovishwa sura. Kiinimacho.

Mama yake akanijia kabla jua halijatoka.
Hakuketi. Hakupokea maji.
"Wewe ndiwe uliyemgusa. Sema. Alikuwa mtu?"

Siri ya maiti haisemwi, unajua.
Lakini kovu lile mtaa mzima ulilijua,
la meno ya mbuzi, chini ya kidole gumba,
alipokuwa akikuna nazi za harusi ya dada yake
huku akicheka na watu badala ya kutazama mkono.
Nikamwambia: kovu nimeliosha kwa maji ya mkunazi,
mara tatu, kuanzia kulia.
Mgomba hauna kovu.

Akaenda zake. Walisema siku ile alilala.

Mimi sikulala.
Kiinimacho kilichojua kutia kope, kikatia na kucha,
kitashindwaje na kovu?
Na mikono hii niliyoitoa ushahidi,
nani ataitolea ushahidi yenyewe?
Nikashika taa ya chemni na panga, nikatoka uani,
nikaangusha mgomba, nikaumenya.
Gamba. Chini yake gamba. Chini yake gamba,
na ndani ya kila gamba vijumba vya hewa, vitupu, vimepangwa
kama vinangoja wapangaji.
Utomvu ukaniingia kanga, doa lake hilo hapo, litazame.
Na katikati kabisa, nilipotaraji kitu,
kijiti cheupe, laini, kimelowa.
Nikakishika.
Baridi ile ile, Mbarouk.
Baridi ile ile.

Sijapata kumwambia mtu.

Basi huyo fundi wako, mkionana, muulize.
Nywele za mtu aliyekufa zikilowa huwa nzito:
kwa nini ajisumbue kuzipimia uzito?
Maiti ukimgeuza, mkono wake hukuangukia begani
kama mtu aliyesahau jambo la kukuambia.
Hilo nalo aliliandika, au lilimponyoka?
Asipojibu, sishangai. Na mimi huulizwa nikanyamaza.

Mama yake Riziki yu hai, macho ndiyo yamekwisha.
Kila usiku wa kuamkia Ijumaa
mlango wake wa uani haukomewi.
Watu husema ni usahaulifu wa uzee.
Mimi nikipita naurudishia tu, upepo usiubamize,
wala komeo silitii.

Mwosha huoshwa.
Siku yangu ikifika ataniosha Time binti Faki,
nimeshamfundisha, ana mkono mwepesi.
Nimemwambia asinitafutie kovu,
asisikilize wanaonong'ona nje ya pazia.
Maji tu ayapashe kidogo, yawe vuguvugu,
hata akidhani
anaosha mgomba.